Kufuli la Utawani

Utotoni mwangu kote niliamini kwamba msichana akiingia utawani anafungiwa kwa kufuli kubwa kama kichwa cha ndama, kisha ufunguo unatupwa mtoni. Usinicheke. Niliyaona kwa macho yangu kwenye tamthilia. Krismasi hii niliporudi nyumbani, Old Moshi, nikakuta watoto wameinamia simu wakimtazama sista mwingine analia nyuma ya nondo.

Sisi ni Walutheri. Masista tuliwaona sokoni Kiboriloni wakichagua nyanya, ila Bibi, aliyetulea, alisema hao ni wa kutumwa tu; wa ndani hawatoki. Ujuzi huo ulitoka kwa jirani, mwenye televisheni pekee kijijini, ambayo akiifungulia sauti walisikia mpaka Rombo. Jioni tulirundikana kwake, mikono bado inanuka maganda ya kahawa. Bibi alikuja na beseni lake, akamenya ndizi za supu ya mtori bila kutazama kisu. Tamthilia ilikuwa ya nchi za mbali, imetafsiriwa na mwanamume mmoja wa Dar, kwa hiyo masista wote, askofu na hata binti aliyefungiwa waliongea kwa sauti ile ile nzito. Hatukuona ajabu.

Ndipo dada yangu, aliyesoma kwa masista kule Kibosho, akasema anabadilisha dhehebu na anabaki huko huko awe sista.

"Umeona yaliyompata yule binti, na bado unaenda?" Bibi akamuuliza.

"Bibi, yale ni maigizo."

"Wanaigiza nini, kama hakuna kilichotokea?"

Akaenda. Desemba ikafika, Wachagga wote duniani wakarudi migombani, yeye hakurudi. Bibi akakata jani la sale, lile ambalo kwetu ukipelekewa huwezi kukataa ombi, akamtuma jirani kwa mama mkuu wa masista: nirudishieni mtoto wangu.

Jirani alirudi anatabasamu. "Mama mkuu mpole kabisa. Anasema mwaka wa kwanza hawaji likizo, ila Jumapili ya wageni mwende wenyewe mkamwone."

Bibi akakaza kanga kiunoni. "Mpole. Na yule wa kwenye televisheni hakuwa mpole? Si alimkaribisha mama wa binti chai, akamfungia na yeye?"

Hatukwenda. Bibi aliendelea kumbakishia dada mtori kwenye bakuli la bluu, na kabla mwaka uliofuata haujaisha tukamzika Bibi. Dada alikuja mazishini na masista wawili. Nilimkagua vifundo vya mikono nikitafuta alama za minyororo. Wale wawili nikajua ni walinzi.

Baadaye nilisoma masomo ya jioni pale mjini, ndevu zimeota, nikafaulu. Hilo la kufuli hakuna mwalimu aliyelisahihisha.

Sasa jirani hayupo, kahawa imeng'olewa, na kila mtu anatazama tamthilia yake peke yake. Krismasi hii dada alikuwa likizo, ameketi jikoni anamenya ndizi bila kutazama kisu. Nikamsimulia habari ya kufuli, nikitia chumvi kwa koleo kama kawaida yangu, nikingoja acheke.

Akaweka kisu chini.

"Geti letu halikuwa na kufuli, mdogo wangu. Lilifungwa kwa kipande cha waya, mbuzi wasiingie. Kila Jumapili ya wageni nilikaa pale kwenye benchi, nikiwangoja mpaka kengele ya jioni."