Nilimwachisha mtoto ziwa ili niende melini, akanisalimia kama mgeni

Admin, nifichie jina langu, na la mtoto nimelibadilisha. Nina miaka ishirini na nane, nimeolewa, naishi Kimisagara hapa Kigali. Nina binti mmoja, tumwite Keza, hajatimiza miaka miwili. Naandika nimechoka, lakini nisiposema nitapasuka.

Nilikuwa nafanya kazi hotelini, upande wa vyumba. Nilianza kwa kukunja mashuka hadi nikawa msimamizi wa wenzangu. Ndiyo kazi ninayoijua, na niliipenda. Mwaka jana hoteli ikauzwa. Tukaitwa asubuhi, tukaambiwa mwenye mali mpya anakuja na watu wake, turudishe sare. Ya kwangu niliirudisha imepigwa pasi. Tangu hapo nimebisha hodi hoteli nyingi, kila mahali wanataka wasichana waliotoka shule juzi, wasio na mtoto mgongoni.

Dada mmoja tuliyekuwa naye kazini sasa yuko kwenye meli kubwa ya watalii ya Waitaliano, ile inayozunguka dunia nzima. Akaniunganisha, wakanihoji kwa simu, nikapita. Mkataba ni miezi tisa baharini. Mimi bahari hata sijawahi kuiona! Mume wangu ni motari, anabeba abiria kwa pikipiki. Alifurahi kuliko mimi. "Utarudi unaongea Kiitaliano," akasema, "unipungie mkono barabarani, 'We motari, nipeleke Nyabugogo,' kama hunijui." Tukacheka. Keza alikuwa ananyonya.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kwetu mtoto asiyetaka kuacha ziwa anapelekwa kwa bibi, na mama yake haruhusiwi kuonekana kabisa, maana akikuona tu kazi yote imeharibika. Nikampeleka Masaka, hapa hapa pembezoni mwa Kigali, kwa mama yangu mzazi. Mama akanisimamisha mlangoni: "Usije kuchungulia, nakujua wewe. Hata sauti yako kwenye simu sitaki aisikie." Nikatii. Maziwa yalinijaa hadi nikapata homa, nikawa nakamua kwenye beseni huku nalia. Kuna siku nilipanda pikipiki mpaka njia ya kuingia kwao, nikamwambia dereva ageuze.

Jumapili iliyopita, mwezi na zaidi ukiwa umepita, mama akasema sasa njoo. Nilimkuta Keza uani, amekaa karibu na bibi yake aliyekuwa anachambua maharage. Nikapiga magoti, nikafungua mikono. Mtoto akanitazama, akashika kitenge cha bibi. Mama akamwambia, "Haya, msalimie." Akaja polepole, akanipa mkono vile watoto wanavyofundishwa kusalimia wageni. Akasema, "Tantine."

Yaani shangazi. Mimi.

Mama alicheka, wala hakuwa na ubaya. "Si unaona? Ameshazoea. Nenda kafanye kazi mwanangu, huyu hana shida." Nikasema asante mama. Kisha nikaingia chooni nikang'ata kitambaa ili wasinisikie.

Jamani, kilichonivunja si hilo neno peke yake. Mama naye aliniacha kwa bibi Karagwe, Tanzania, nikiwa mdogo hivyo hivyo, akatangulia Rwanda kutafuta maisha. Alinichukua nikiwa na miaka tisa. Hakunikosea, alinisomesha kwa jasho lake, na ninamheshimu sana. Lakini nikiumia, sijui kumlilia. Tukikaa tunaongea shamba, mvua na bei ya viazi, basi. Siku ile nilitamani nimwulize, "Na mimi uliponifuata, nilikuitaje?" Sikuweza. Alikuwa ameinama ananifungia maharage ya kubeba.

Nikamchukua mtoto wangu. Mama akapandisha sauti: "Utaharibu kila kitu! Si umwache mpaka uondoke?" Nikamwambia, "Mama, nakuheshimu, lakini leo naondoka na Keza." Njia nzima alimlilia bibi yake, hata abiria wenzetu wakawa wananiangalia kama nimemwiba. Sasa ameanza kunizoea tena, anataka nimbebe hata nikiosha vyombo. Badala ya kufurahi, naogopa.

Mume wangu anasema miezi tisa inapita, na pikipiki peke yake haitulishi. Anasema kweli, nami simlaumu. Nikikataa, najua nafasi hii hairudi, na nitabaki hapa kumwangalia mtoto akikosa vitu ambavyo mikono yangu ingeweza kuvitafuta. Nikienda, kwa bibi atakula, atalala vizuri, atapendwa. Ila mimi atanijua kwa picha na zawadi. Melini wanataka jibu Ijumaa.

Msiniambie nimwachie Mungu, kuomba naomba kila siku. Na wa kunitukana kwamba sina moyo wa mama, tafadhali mnipite. Nataka kusikia kwa mama aliyewahi kuondoka akaacha mtoto wa umri huu, kisha akarudi. Dada yangu, niambie ukweli hata kama unauma: siku mtoto wako alipoanguka, wewe na bibi yake wote mko pale, alimkimbilia nani? Na kama hakuwa wewe, ungekuwa mimi leo, ungepanda ile meli?