Droo ya Daktari

Mwaka wangu wa pili katika kliniki ya meno pale Makole, nilianza kumshuku daktari niliyekuwa namsaidia. Wote wawili tulishinda na barakoa, maana mashine ya kuchonga jino hurusha mate na unga hadi machoni. Lakini mimi ikifika saa sita kichwa kinagonga, mashavu yamejaa vipele, na alama nyekundu imekata juu ya pua. Yeye uso wake laini kama wa bwana harusi.

Alikuwa na droo aliyoifunga kwa ufunguo. Kila baada ya wagonjwa wawili watatu aliifungua, akachukua kitu, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikajiambia, huyu kajiwekea barakoa nzuri, mimi ananiachia hizi za boksi. Nikawa nanusa kila boksi jipya kabla ya kulifungua, nikitafuta ubovu wake.

Kumbe na mimi nilikuwa nashukiwa. Mama alipokuja kutoka Mlali kunisalimia, alinitazama sana, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kwako kuna amani?"

"Ni barakoa, mama."

"Barakoa ina ngumi?"

Alivyomwangalia mume wangu siku ile mezani, nilijua hakuniamini.

Wiki hiyohiyo nikamfuata daktari. Nilimkuta nyuma ya tangi la maji, amekaa juu ya ndoo, barakoa kaitupa, anajipaka mafuta ya mgando nyuma ya masikio. Ngozi ilikuwa imechubuka hadi kuwa nyekundu. Kando yake, chupa ya maji na barakoa mpya, zilezile za boksi.

"Unanifuata, sista?"

"Kwa nini unajificha, daktari?"

Akafuta mafuta vidoleni. "Nilihofu ukiniona nimeshindwa kuivumilia barakoa, na wewe utaivua mbele ya mgonjwa."

Hasira zilinipanda. Miezi yote hiyo nilikuwa sinywi maji mpaka jioni, nisije nikaigusa barakoa, tena kwa upepo huu wa Dodoma unaokausha hadi ulimi. Na iliyolowa jasho sikuibadilisha.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Tangu hapo tukawa tunapokezana kutoka nje, kunywa maji na kuvaa barakoa kavu. Kichwa kilipona kabla wiki haijaisha, vipele vikachelewa. Kazi tulifanya vizuri tu. Ila neno lake lile, "Hukuuliza," lilinikaa. Kila aliponieleza jambo, nilijikuta namuuliza mara mbili.