Trafiki wa Wodi ya Hewa

Wagonjwa ndio waliompa jina la Trafiki, na likamganda. Katika wodi ya watu wasioweza kupumua, wauguzi walijifunika plastiki kuanzia utosini hadi nyayoni, barakoa juu ya barakoa, hata ukiongea na mwenzako aliye karibu nawe ni kama unaongea ndani ya mtungi. Basi yeye, aliyekuwa muuguzi mkuu wa wodi, akaanza kutumia mikono. Alisimama katikati ya korido kama askari wa njia panda. Mkono huu unasimamisha machela, ule unaita oksijeni, kidole kinampeleka mfagizi chumba cha mwisho. Mzee mmoja aliyepona alimpigia saluti akitoka.

"Afande, naomba kupita."

"Pita, mzee wangu. Ila ukirudi hapa nakutoza faini."

Huyo ni mtoto wa mdogo wangu. Kwa hiyo ni mwanangu, na hapo sitaki mtu aniongezee neno. Nilimbeba mgongoni, nikamfundisha kufunga kamba za viatu. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na mtaani hakuna aliyemwita jina lake. Alikuwa Fundi tu, hata kwa marehemu mumewe. Cherehani hiyo ndiyo iliyomsomesha binti uuguzi. Na mimi nilitia mkono, lakini hayo si ya kuandikwa.

Watu hudhani kazi ya nesi ni sindano na kutandika shuka. Mimi nimelala pale, nimeona. Daktari alipita, akaandika, akakimbilia wodi nyingine, maana hawakutosha. Aliyebaki na kujua kwamba wa dirishani hewa yake inashuka, kwamba mtungi wa pembeni unakaribia kwisha, kwamba dereva wa gari la wagonjwa hajatia kitu tumboni tangu asubuhi na atagonga ukuta, kwamba mke wa yule wa kona yuko getini na hajaambiwa lolote, alikuwa yeye. Akili yake ilikuwa kama jiko lenye vyungu vingi, na hakuna kilichoungua.

Simu yake ililala mezani ndani ya mfuko wa nailoni, sauti imefunguliwa hadi mwisho, kwa sababu hangeweza kuiweka sikioni na plastiki zile. Meza ilikuwa mlangoni na kitanda changu kilikuwa ubavuni mwa meza. Ninayoyaeleza nimeyasikia kwa masikio yangu, sikusimuliwa.

Simu iliyolia zaidi ilitoka hospitali ya upande wa pili wa mji. Huko nako kulikuwa na muuguzi mkuu, mwanamke mwenye sauti nzito kidogo. Hawakuwahi kuonana. Tangu ugonjwa uanze walikuwa wakigawana wagonjwa: huku kukijaa, kule kunapokea, kule kukijaa, huku kunapokea. Na walikuwa na desturi yao ambayo haikuandikwa kwenye faili lolote. Kabla mgonjwa hajapakiwa, anayepokea aliuliza mambo mawili.

"Nyumbani anaitwaje? Na anaogopa nini?"

"Huyu ukimwita jina la kwenye faili haitiki. Mwite Chumvi. Anaogopa kufunikwa uso, ukivuta shuka iishie kifuani."

"Chumvi, shuka kifuani. Mlete."

Hivyo mtu akishushwa kule, hajui mahali, hamjui mtu, watu wote ni plastiki tupu, anasikia: "Karibu, Chumvi." Nimeambiwa wapo waliolia machozi kwa hilo tu.

Upendeleo hakuutaka hata kuusikia. Siku moja bwana mkubwa fulani alipiga simu akitaka mjomba wake apewe kitanda upesi. Trafiki akamuuliza, "Mjomba ana pua ngapi?"

"Unasemaje wewe?"

"Kama ni moja, basi ni kama wenzake. Atapimwa akifika."

Tulicheka, tuliokuwa na pumzi ya kuchekea.

Mimi na Fundi tulikuwa tunaishi nyumba moja, wajane wawili. Tukaugua pamoja, tukaletwa pamoja, tukakalishwa kwenye benchi la korido tumeegemeana. Kitanda chenye hewa kilikuwa kimebaki kimoja. Trafiki akatupima sote wawili kwa kile kibanio cha kidole kinachosoma hewa. Akampima mama yake, akanipima mimi, akarudia. Nikaona macho yake juu ya barakoa. Namba yangu ilikuwa mbaya zaidi.

"Mama mkubwa atalala hapa," akasema. "Mama, wewe utaiweza safari. Nakupeleka ng'ambo ya mji, kuna nafasi."

Nikataka kumwambia sitaki, ampe mama yake. Maneno hayakutoka, nilikuwa navuta pumzi tu. Fundi ndiye aliyecheka, kicheko chenye kikohozi.

"Ndiyo faida ya kuzaliwa kwanza, dada. Maisha yako yote unanitangulia, hata kitanda!"

Trafiki akachuchumaa mbele yake. "Kikipatikana kimoja hapa nakurudisha, mama. Nakujia na gari."

"Usinidanganye."

"Nimewahi?"

"Utotoni, kila siku. Ukubwani bado."

Akaondoka kwa machela kwenda kungoja gari, mkono juu, akinipungia mimi na kumpungia mwanawe kwa pamoja. Kisha nikalazwa, nikasikia simu ikipigwa.

"Nakuletea bibi mmoja. Nyumbani anaitwa Fundi."

"Anaogopa nini?"

Akatazama mlango ilikopitia machela. "Anaogopa kuachwa peke yake."

"Fundi, asiachwe. Na watu wake? Nimpigie nani?"

"Nipigie mimi."

Yule wa kule hakushangaa, kwa sababu wagonjwa wengi walikuja bila jamaa wa kupatikana, na wauguzi ndio waliopigiana. Nilipopata pumzi nikamwita mwanangu.

"Mbona hukumwambia ni mama yako?"

"Akijua, Ma'mkubwa, atampa kitanda cha mwenzake. Anatupenda mno yule. Mimi ningefanya hivyohivyo kwa mama yake."

Ikawa kila asubuhi, wakibadilishana habari za zamu, nasubiri zamu ya Fundi kama watu wanavyosubiri matokeo ya mtihani. Habari zilikuja katikati ya habari nyingine.

"Fundi wako amekunywa chai. Anatusema huyo! Anasema mashuka yetu yameshonwa na mlevi."

"Mwambie asiongee sana."

"Mwambie wewe. Ameniambia nikimtoa hapa atanishonea gauni la maana, eti nimevaa gunia. Amenielekeza mpaka nyumbani."

Trafiki alicheka, kisha akaendelea na mgonjwa mwingine. Lakini nilimwona, kila mgonjwa alipokaribia kupata nafuu, anasimama mguuni pa kitanda chake, anakitazama. Wodi nzima ilijua anataka kumrudisha mama yake. Wagonjwa waliokuwa wanapona walimtania: "Afande, nafanya haraka nikupishe."

Siku ikafika. Kijana fundi magari akatembea kwa miguu yake hadi mlangoni, tukampigia makofi kwa vidole tu. Trafiki akamwita dereva papo hapo. "Nenda ng'ambo. Unamleta Fundi." Dereva, aliyejua mambo yote, akaitika kwa honi. Nikasikia gari linawaka. Nikasema moyoni, leo nitagombana na mdogo wangu kuhusu mto wa kulalia.

Kitanda kilikuwa bado kinapanguswa dawa alipoingia mwanamume amembeba mkewe mikononi, hakungoja machela. Mwanamke mwalimu, mkononi bado ana vumbi la chaki. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo mtu aliye hai hapaswi kuwa nayo.

Mwanangu alisimama katikati ya korido. Mlango huku, kitanda kule. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Yule mwanamume hakujua amwangalie nani. Kisha mkono wa kulia ukanyanyuka, ukaelekeza kitandani, ukapeperuka upesi-upesi: pita, pita. Akatandika shuka yeye mwenyewe. Akamfunga mwalimu hewa. Alipomaliza akainamia simu mezani.

"Dereva. Geuza."

"Nigeuze? Nimeshavuka daraja, sista."

"Geuza. Pamejaa."

Hakunitazama. Mimi nilimtazama mpaka nikachoka.

Asubuhi iliyofuata simu ikalia kama kawaida. Sauti ile nzito ilikuwa imechoka.

"Habari za huko? Mimi huku nimepata kitanda. Fundi wako ametutoka alfajiri. Una mtu wa kuniletea?"

Ninyi mnaosoma, mjue kwamba yule dada wa ng'ambo hakukosea kitu. Hivyo ndivyo walivyoongea, mtu na kitanda katika pumzi moja, kwa sababu yupo mwingine anayekingoja. Wa vitanda vya karibu wote walisikia. Hata wa kukohoa alijizuia. Mwanangu alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Ninaye," akasema.

"Anaitwaje nyumbani?"

"Baba Mkubwa. Hata wajukuu wanamwita hivyo."

"Anaogopa nini?"

"Sindano. Mwambie kabla ya kumchoma, usimshtukize."

"Mlete."

"Fundi..." akasema mwanangu, "alikuwa na mtu?"

"Nilikuwa naye mimi. Ulisema asiachwe. Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Barakoa."

Akakata simu. Akaja kitandani kwangu, akaweka mkono wake wa mpira juu ya mguu wangu. Machozi yangu yalikuwa yanaingia masikioni.

"Ma'mkubwa, usilie. Utaishiwa hewa. Utamlilia ukipona."

Akarudi korido, akanyanyua mikono, akampitisha Baba Mkubwa.

Fundi alizikwa na watu wa hospitali, wamevaa kama wanaopulizia mimea dawa. Mimi nilikuwa kitandani, binti yake alikuwa zamu. Mwalimu alipona. Alipokuja na mumewe kushukuru, Trafiki aliwapokea mlangoni, akawatakia heri, akasema ana kazi. Kweli alikuwa nayo.

Ugonjwa ulipopungua alihamia kwangu. Jumapili moja alikuwa uani akimgombeza muuza mkaa aliyetuletea gunia lenye vumbi tupu. Mtu akabisha hodi. Nikafungua, nikamwona mwanamke mnene wa makamo, ameshika miwani iliyofungwa kwenye kitambaa safi.

"Shikamoo, mama. Hapa ni kwa Fundi? Alinielekeza yeye. Nimeleta miwani yake, nilishindwa kuitupa. Nilitaka niwajue watu wa..."

Akageuza shingo. Alikuwa anasikiliza sauti ya uani. Nikaona uso wake unabadilika kidogo kidogo. Akanipita bila hata kuomba ruhusa, akatokea uani.

"Wewe unafanya nini hapa?" akauliza.

Mwanangu akageuka. Naye aliijua sauti ile kabla ya kuujua uso. "Nipo kwetu," akajibu.

Yule dada akakaa chini, pale pale kwenye vumbi la mkaa. Akashika kichwa. "Nilikuambia nimepata kitanda," akasema. "Mungu wangu. Nilikuuliza una mtu wa kuniletea."

"Uliniambia vizuri."

"Kwa nini hukusema?"

Mwanangu akamsogelea. Alichukua miwani, akaigeuza-geuza, akauliza alichokuwa anataka kuuliza muda wote ule, na ambacho mimi sikuwa na jibu lake.

"Aliniulizia?"

Yule dada alinitazama mimi, kama anayeomba msaada. Sikumpa. Mtoto ana haki ya kujua ya mama yake.

"Alikuulizia," akasema. "Alikuwa anasema binti yake anamjia na gari. Kila gari likiingia alitaka nimkalishe. Nilidhani ni homa inaongea. Nikawa namwambia yuko njiani, Fundi, yuko njiani. Alfajiri likaingia moja, la kuleta mashuka. Nikamkalisha."

"Akafurahi?"

"Alijifunga kilemba vizuri. Basi."

Muuza mkaa alikuwa ameshaondoka kimyakimya, pesa hakudai. Mwanangu alisimama wima pale uani, mikono imemlegea. Kisha akafanya alichofanya maisha yake yote: alimwinua yule dada kwa kwapa, akamkalisha kwenye kiti, akaniashiria nilete maji. Nikaleta. Mgeni ndiye aliyelia kwa sauti, mfiwa mwenyewe akampangusa vumbi la mkaa kwenye nguo.

Saa za zamu zilipofika akaenda kazini. Bado yuko wodi ileile. Nimekwenda mara kadhaa kupima presha, nimemsikia. Mgonjwa akimwambia, "Sista, niahidi," humshika mkono, humrekebishia mto, huuliza kama ana kiu. Kuahidi, haahidi tena.