Jina la Waliozaliwa Njiani

Watu wakilisikia jina langu huniuliza maswali matatu, tena kwa mpangilio uleule: ni la kabila gani, lina maana gani, na mbona hawajawahi kukutana na mwingine anayeitwa hivyo. La kwanza na la pili nayajibu haraka, kwa sababu sina subira na watu wanaotaka kunijua kupitia jina. La tatu hunichelewesha. Leo nitalijibu lote, ila jina lenyewe sitaliandika hapa. Limepita katika vinywa vya watu wachache sana, na mmoja wao lilimuumiza. Sioni sababu ya kulianika kwenye karatasi kama mahindi.

Maana yake ni rahisi: aliyezaliwa njiani. Wa kwanza kuitwa hivyo alikuwa mama yake bibi yangu. Watu wake walikuwa wakihama na ng'ombe, wakiuzunguka mlima kutafuta majani upande wa kaskazini, na mama yake akashikwa na uchungu kabla hawajafika. Alijifungulia kando ya njia, ng'ombe wakipita, na kesho yake safari ikaendelea mpaka Oldonyo Sambu, ambako ndiko kwetu mpaka leo. Tangu hapo, katika ukoo wetu jina hilo halitolewi kwa sababu tu limempendeza mtu. Hupewa msichana aliyezaliwa nje ya nyumba, safarini, basi. Ndiyo maana ni adimu. Wanawake wengi wenye akili hujifungulia ndani.

Wa pili alikuwa shangazi yangu, ambaye bibi alimzaa akitoka kuteka maji. Wa tatu ni mimi. Mama alikuwa akirudi kutoka mnadani Kisongo pamoja na shangazi huyo, na yaliyotokea yalitokea vumbini, chini ya mgunga, shangazi akinipokea kwa shuka yake mwenyewe. Alipofika nyumbani aliwaambia wazee wasijisumbue kufikiri, jina lipo. Kwa miaka michache tukawa wawili, mkubwa na mdogo, na bibi akiita tulikuwa tunaitika sote kwa pamoja, yeye akicheka.

Nilikuwa na miaka sita hivi shangazi alipoolewa Kimandolu, kwa watu wenye migomba na kahawa. Hakumaliza mwaka. Alikufa akijifungua, na mtoto akamfuata.

Kwetu mtu akifa ameacha watoto, jina lake hubaki wazi, na wajukuu hupewa. Akifa bila kuacha mtoto, jina lake hufungwa. Halitamkwi tena nyumbani, na kama yupo mwingine mwenye jina hilo, hubadilishiwa. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa ni mwiko, jibu ambalo mpaka leo linanitia hasira. Baba alisema nitapewa jina jingine siku tutakayochinja kondoo. Kondoo walikuwapo, aliyekosekana ni mtu wa kulianza jambo lenyewe. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, na mimi nikawa huyu. Huyu amekula? Huyu aende na mbuzi. Mwambie huyu alete kuni.

Sikutulia. Kila nikikaa, miguu iliniwasha. Nilikwenda mpaka mwisho wa shamba na kurudi bila kutumwa. Nilisimama katikati ya mahindi, nikalitaja jina langu upesi mara moja, kisha nikakimbia kutoka pale kama niliyeiba. Nilikuwa nalijaribu tu kama bado lipo. Mama aliwahi kusema, "Mtoto huyu ana miguu ya jina lake," halafu akakumbuka na kujiuma midomo.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, na wanaume waliandikwa. Karani wa kodi alipopita na daftari lake, baba aliitwa kwa majina yake yote mbele ya watu, akaitika kwa chuki. Mimi nilimwonea wivu. Wasichana wa kwetu hawakuandikwa popote, isipokuwa kanisani.

Kwa hiyo nilipofikisha miaka kumi na mitatu na baba akakubali nikabatizwe, nilikwenda mafundisho mbio. Mwinjilisti wetu alikuwa Mmeru kutoka upande wa pili wa mlima, mwenye koti moja na sauti ya upole, naye alitufundisha dini na kusoma kwa Kiswahili ambacho nusu yetu tulikuwa tukikibahatisha. Wiki ya mwisho alituletea karatasi ya majina ya Kikristo ili kila mmoja achague. Tulikuwa wasichana saba. Watatu walichagua jina la mama wa Bwana, wawili la yule aliyezaa uzeeni, na mmoja alichukua la mama wa Bwana halafu akabadili mawazo, akachukua la uzeeni. Nikabaki mimi.

"Chagua, mwanangu," mwinjilisti aliniambia. "Hayaishi kwa kuchukuliwa."

Baba alikuwa ameniambia nichague lolote, ili nyumbani nao wapate cha kuniita. Nilielewa vizuri maana yake. Nikitaja jina moja kwenye karatasi ile, Jumapili lingeandikwa, na langu lisingerudi tena. Kila jina nililolisoma niliona kama nguo ya mtu mwingine.

"Mwalimu, jina la nyumbani haliwezi kuandikwa?"

"Linaweza, kama si la mambo ya giza. Lina maana gani?"

Nikamwambia. Akatabasamu.

"Hata Bwana wetu alizaliwa safarini. Hilo ni jina zuri. Mchungaji akikuuliza, litaje kwa sauti, watu wote wasikie."

Kwao huko upande wa pili hawakuwa na mwiko ule, asingeweza kujua. Mimi nilijua. Ningeweza kumwambia, na sikumwambia. Nilisema, "Asante, mwalimu," nikatoka mbio mpaka nyumbani.

Jumapili mchungaji alipanda kutoka mjini kwa pikipiki, vumbi likiwa limemfika kwenye nyusi. Kanisa letu lilikuwa la matope na bati, na lilijaa. Sikutegemea kumwona bibi. Hakuwa amebatizwa, wala hakupenda mambo ya kukaa kwenye mabenchi. Lakini alikuja kwa ajili yangu, na fimbo yake na blanketi lake, akakaa chini upande wa wanawake, karibu na mlango. Nilipomwona nilijiambia nitachagua jina la karatasini. Nililichagua kabisa, nikalirudia moyoni wakati wenzangu wakimwagiwa maji mmoja baada ya mwingine.

"Jina lako nani?" mchungaji akauliza.

Nikataja langu. Nililitaja kwa sauti, kama nilivyofundishwa.

Baba akainamisha kichwa. Nami nikageuka kumtazama bibi, nikitegemea hasira, kwani kwa hasira nilikuwa nimejiandaa. Hakunitazama. Alikuwa amegeukia mlangoni. Alikuwa ameshikilia fimbo, amenyanyuka nusu, mdomo wazi, akiangalia mwanga wa nje kuona ni nani anayeingia. Alisubiri hivyo kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Kisha akakaa, akajifunika blanketi kichwani.

Hapo ndipo nilipoelewa jina hufungwa kwa ajili ya nani. Mchungaji alinimwagia maji, nikalia, na mama mmoja wa benchi la mbele akasema Roho amenishukia.

Njiani baba hakunipiga. Alitembea mbele yangu mpaka karibu na nyumbani, ndipo akasema bila kugeuka, "Umemfanya mama yangu amtafute mtu."

Bibi hakunigombeza. Aliacha kunisemesha, basi. Hata lile "huyu" likakoma. Akitaka maji alimtuma mama, na mama ndiye aliyenituma mimi. Tulivuna maharage, tukayapiga, tukayapepeta, yeye upande ule na mimi upande huu, na mabua katikati. Nilikuwa na jina limeandikwa kwa wino na hapakuwa na mtu wa kuniita. Shule haikuwapo karibu, mjini sikuwa na ndugu, lakini kila asubuhi nilipanga kuondoka. Siku moja nilifunga nguo zangu mbili kwenye shuka, nikateremka mpaka njia ya magari, nikasimama, nikarudi. Siku nyingine nilikwenda kwa mwinjilisti, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza ukweli wote na kumwomba alifute jina kwenye kitabu.

Alisikitika sana. Alisema laiti angalijua. Alikifungua kitabu, akanionyesha mstari wangu, akasema, "Haya hayafutwi, mwanangu. Nenda kwa bibi yako ukakae naye."

"Hataki kunisemesha."

"Sikusema mzungumze. Nimesema ukakae."

Nilifanya hivyo, na kwa mtu kama mimi ilikuwa adhabu kubwa kuliko fimbo. Kila jioni nilikaa kando yake jikoni, magoti yakitikisika, nikichambua maharage ambayo yalikwisha kuchambuliwa. Hakuniondoa.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Mama alikuwa akikamua, mimi nikiwa nimeshika kamba ya ndama, akili yangu ikiwa imeshafika Arusha na kurudi. Kamba ikanitoka. Ndama akamkimbilia mama yake, akaanza kunyonya maziwa ambayo yalikuwa yetu. Bibi alikuwa akiota jua karibu na uzio, na kwa hasira ya mtu anayeona kifungua kinywa chake kinakwenda, akaniita kwa jina langu.

Mama akaacha kukamua. Baba akatoka ndani, akasimama. Bibi mwenyewe akaweka mkono mdomoni, na macho yake yakaenda kwenye njia inayoingia nyumbani. Nikaiangalia na mimi. Hapakuwa na mtu. Akaiangalia mpaka akatosheka, kisha akayarudisha macho kwangu, akautoa mkono, akalitaja tena, polepole safari hii, kama mtu anayeonja uji kama bado wa moto.

Nikaitika. Nilikuwa sijaitwa hivyo nyumbani kwa miaka saba.

"Mshike ndama," akasema.

Nikamshika. Hakuna aliyelizungumza jambo lile, si siku hiyo wala baadaye. Kondoo hakuchinjwa. Baba aliendelea kwa muda kuniita huyu, halafu naye akazoea.

Sasa wanaoniuliza mbona jina hili halina watu, nawajibu kwamba tangu hapo akina mama wa ukoo wetu wamekuwa wakijifungulia hospitali, na hospitalini hakuna njia. Wanacheka, na yanaishia hapo. Sisemi habari za miaka aliyobakiza bibi, jinsi alivyoniita kutwa nzima, asubuhi mpaka jua linazama, kutoka shambani, kutoka kwa jirani, nikiwa mbali na nikiwa karibu naye kabisa. Nilikuwa nakuja mbio. Mara nyingi hakuwa na la kunituma. Aliniita nimletee fimbo yake, na fimbo ilikuwa mkononi mwake.