Kiini cha Nne ni cha Baba

Baba yangu alifundisha maisha yake yote, na kwa mwalimu wa aina yake hakuna kosa kubwa kama kumpita mtu mzima bila kumwamkia. Alitulea hivyo kule Bukoba. Alipostaafu na kuja kukaa nami hapa Butimba, kazi yake ya asubuhi ikawa kutoa kiti barazani na kupokea shikamoo za wapita njia. Masikio yalipoanza kumtupa mkono, hilo ndilo lililomuuma. Redio alikubali kuikosa.

Vifaa vya kusikia alivyopewa hospitali vilimpigia mluzi, akavifungia kabatini na hakutaka tena vitajwe. Kwa hiyo nikamtengenezea changu. Mchana kazi yangu ni kuhudumia mizani na vipima joto katika kiwanda cha samaki, na jioni nilirudi nimechoka, nanuka sangara, nikafungua bodi ndogo juu ya meza ya chakula. Kilipokamilika kilikuwa kisanduku cha kufunga kiunoni, maikrofoni mbili kwenye kola na waya wa kwenda masikioni. Ndani yake mlikuwa na prosesa yenye viini vinne, yaani mafundi wanne chini ya paa moja, na msimamizi wao ni Linux, mfumo unaowagawia kazi. Programu yangu ilipokea sauti vipande vipande, ikapunguza upepo wa ziwani na kelele za bodaboda, ikakuza maneno ya watu, ikampa baba kipande hicho kabla kingine hakijafika. Hapo ndipo ugumu ulipo. Kipande kikichelewa, basi tena, kimepotea.

Siku alipokivaa mara ya kwanza alisikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho, akacheka peke yake. Nikajiona nimemaliza.

Hazikupita wiki nyingi akaanza kulalamika. "Watoto wa mtaa huu wameharibika," aliniambia nikimmiminia chai. "Mtu anakuja anaanza tu, umeamkaje, dagaa hizi hapa. Salamu hakuna! Hata huyu jirani yetu."

Jirani mwenyewe ni mama kijana wa Kisukuma anayeuza vitenge Mabatini, mtu wa heshima zake, ambaye hapiti bila kumwachia mzee chochote. Nilishangaa, lakini nilimwamini baba, kwa sababu nilikuwa na ushahidi. Kwenye kisanduku nilikuwa nimeweka kirekodi: kila mtu alipoanza kuongea baada ya kimya, sauti yake ilihifadhiwa kwenye kadi ili mimi niipime baadaye. Nikasikiliza rekodi zote. Kweli, hapakuwa na shikamoo hata moja. Nikakisikitikia kizazi hiki, nikaendelea na mambo yangu.

Kisha jirani akanisimamisha getini.

"Dada, samahani. Mzee ana kitu na mimi?"

"Kitu gani tena?"

"Namwamkia, ananitazama tu. Zamani tulijua hasikii, tukasema sawa. Sasa umemwekea mashine, taarifa ya habari anasikia, halafu mimi haniitikii. Kama kuna kosa, si aniambie?"

Akamgeukia baba barazani, akapiga goti kidogo na kusema shikamoo kwa sauti ambayo hata wa barabarani waliisikia. Baba akamtazama, akasubiri. Jirani akanitazama mimi. Neno la kwanza baada ya kimya: hapo nikajua tatizo liko wapi.

Linux ni mwenyeji mwema kupita kiasi. Kila anayebisha hodi anafunguliwa. Programu ya sauti ni kama mtu anayesonga ugali, hatakiwi kuacha mwiko hata kidogo. Kila mtu alipofungua mdomo, kirekodi changu kilibisha hodi kutaka kufungua faili kwenye kadi, Linux akakiitikia, mwiko ukasimama. Kilichopotea hakikufika nusu sekunde. Lakini mtu mwenye adabu akimkuta mzee, neno lake la kwanza ni shikamoo, na nusu sekunde inatosha kulimeza, masikioni mwa baba na kwenye rekodi zangu pia. Majaribio yangu yote niliyafanya kwa taarifa ya habari na kwa "haloo, haloo" zangu, ambazo hakuna anayejali ya kwanza ikipotea.

Nilimweleza baba. Akaniuliza, "Mashine gani hiyo inachagua salamu?" Akainuka, akaingiza kiti chake ndani. Akasema heri alipokuwa kiziwi tu, watu walimhurumia, kuliko sasa ambapo wanamwona ana majivuno. Niliogopa. Mzee akishaingiza kiti ndani, kukitoa tena ni kazi, na mtu wa kukaa naye mchana kutwa sikuwa naye.

Nikakiondoa kirekodi. Ikasaidia kidogo tu, kwa maana Linux hakosi wageni: mara simu imejiunga, mara betri inapimwa, mara kuna kumbukumbu ya kuandika. Nikaamua kugawa nyumba. Kisanduku kikiwaka, Linux anaambiwa viini ni vitatu. Cha nne hakijui, hakigusi, hakikanyagi. Humo nikaweka programu ya sauti peke yake, bila mfumo wowote juu yake, na katikati nikaacha eneo dogo la kumbukumbu ambapo huyu anaweka na yule anachukua, hakuna kusubiriana. Kusema ni rahisi. Jioni baada ya jioni upande mmoja ulisoma namba za zamani ambazo mwingine ulishazibadilisha, umeme ukakatika, wali ukaungua, na baba yuko chumbani kimya. Niseme ukweli, nilikionea wivu kiini kile. Hakuna anayekiita.

Jumamosi moja nikamtoa barazani, nikamvisha kisanduku na kumwomba ajaribu mara ya mwisho. Jirani alipopita sikumwambia kitu. Akasita getini, akaamkia haraka haraka kama mtu asiyetegemea jibu.

"Marahaba!" baba alipaza sauti. "Marahaba, mwanangu, marahaba. Mlipotelea wapi?"

Jirani akaweka mzigo chini, akaziba mdomo kwa mkono. Waliongea mpaka chai ikapoa, na alipoondoka baba mwenyewe alitoa kiti chake. Nilitegemea nitafurahi. Nilichosikia ni uchovu tu, uchovu wa mifupa. Nikaingia jikoni, ambako dirisha linatazama baraza, nikavuta beseni la ndizi, nikashusha pumzi kama ninavyoshusha kila siku.

"Nani anahema hivyo?" baba aliuliza kutoka nje.

Nikasimamisha kisu kwenye ndizi. Pumzi moja, fupi, baada ya kimya: mashine ya zamani isingempa hata robo yake.

Akaja mpaka mlangoni, mkono kwenye kisanduku. "Ni wewe," akasema. "Umechoka."

Siku zote jibu langu ni hapana, baba, niko sawa. Safari hii lilikataa kutoka. "Ndiyo, baba. Nimechoka sana."

Akavuta kigoda, akaninyang'anya kisu taratibu, akaanza kumenya ndizi, vibaya kabisa, nyama nyingi ikienda na maganda. Nami nikalia palepale, kwa sauti, na yeye akisikia yote.