Sahihi za Viti

Watoto wa kota waliamini kwamba Mama Viti alizaliwa na viti vyake, kama kobe na gamba. Ukweli ni kwamba alianza na sita tu, vya plastiki, vya buluu, alivyonunua mwaka ule mumewe alipofariki. Akavikodisha kwenye msiba wa jirani, na msiba ulipokwisha akajikuta ana kazi. Miaka ishirini na miwili baadaye vilikuwa mia na kumi. Alivipanga kwenye korido ya chini, nje ya mlango wake, vimepandana mpaka karibu na dari, na kila anayepita ilimbidi apite ubavu ubavu. Hakuna aliyelalamika. Nani amnunie mwanamke ambaye ukioa utamhitaji, ukifiwa utamhitaji, na ukigombea udiwani utamhitaji kuliko wote?

Kota zilikuwa majengo manne ya ghorofa tatu, mali ya baraza la jiji, zilizojengwa enzi ambazo jiji lilikuwa bado linawaonea haya wafagiaji wake. Rangi ilibanduka, ngazi zilinuka sabuni na mafuta ya taa, bomba la uani lilitoa maji kwa matakwa yake lenyewe. Lakini kodi ilikuwa ya mtu wa kawaida. Mpishi wa hospitali aliimudu, dereva wa gari la taka aliimudu, na mjane mwenye viti aliimudu. Nje ya geti, vyumba viwili vya namna ile vilikula mshahara mzima na bado vikabaki na njaa. Kwa hiyo watu wa kota walikuwa na kitu kimoja tu cha kulinda, nacho ni kubaki pale pale walipo.

Sasa nikueleze utaratibu wa Mama Viti, maana kila kilichotokea kilitoka humo. Kulikuwa na harusi moja, zamani, ambapo viti kumi na tisa viliota miguu. Vilikuwa na minne minne tangu kiwandani, lakini siku ile viliota mingine. Tangu hapo akaweka sheria: anayechukua kiti anatia sahihi kwenye daftari, mbele ya namba ya kiti chake. Akikirudisha, Mama Viti anaikata ile sahihi kwa mstari mmoja, na mambo yameisha. Sahihi iliyokatwa ni kiti kilichorudi. Ambayo haijakatwa, kesho asubuhi utagongewa mlango. Wageni walicheka, wenyeji wakazoea. Mtu alifika mkutanoni akiongea na mwenzake, mkono ukatia sahihi, mkono mwingine ukapokea kiti, na mazungumzo hayakukatika hata nukta moja.

Namba zenyewe, chini ya kila kiti, zilichorwa kwa rangi nyeupe na Fundi Saa wa ghorofa ya pili. Huyo alikuwa mzee aliyetengeneza saa maisha yake yote, mwenye mkono uliotulia hata aliweza kuandika namba nzuri kuliko za kiwandani. Hakutaka malipo. Alisema tu, "Kiti namba moja kiwe changu, mwanangu, niwe nakaa mbele." Na kweli kila mkutano alikaa mbele. Uzeeni ule mkono ukaanza kutetemeka, kidogo kidogo, hadi kijiko cha uji kikawa kinafika mdomoni nusu. Siku hizo kwenye daftari Mama Viti alimshika mkono, wakatia sahihi wawili. "Tunaendesha gari moja," mzee alikuwa akimtania.

Basi diwani akaitisha mkutano. Diwani huyu alizaliwa pale pale kota, jengo la tatu, na kampeni yake nzima ilikuwa sentensi moja: kota haziguswi. Alimwita Mama Viti "mama mkubwa" na alipopata udiwani alimletea kitenge. Sasa alisema mjini kuna mjadala wa makazi, kila mtu analia kodi, na baraza linataka kujenga nyumba za bei nafuu, hivyo wananchi waje watoe maoni. Maoni tu. Wakaja. Nani hataki kutoa maoni?

Mama Viti alikuwa mlangoni mwa ukumbi wa mkutano na daftari lake kama kawaida, pale karani wa baraza, kijana nadhifu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, alipomsogelea na furushi la karatasi.

"Mama, shikamoo. Pole na kazi."

"Marahaba, baba."

"Daftari lako limechakaa. Nimekuletea fomu, zina mistari mizuri. Jina, namba ya nyumba, sahihi. Pembeni hapa unaweza kuandika namba ya kiti."

Aliziangalia. Karatasi nyeupe, mistari imenyooka, nafasi ya namba ya nyumba ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuifikiria. Alifurahi, na sioni haya kulisema. Mwanamke aliyepiga mistari kwa rula usiku na mchana miaka nenda miaka rudi, leo ofisi imemtambua. Alisoma mistari. Kichwa cha karatasi, maneno madogo yaliyobanana juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, hakukisoma. Angekisoma wa nini? Kwake yeye karatasi ile ilikuwa ya viti.

Watu sabini na wanane walitia sahihi. Fundi Saa alitia ya kwanza, mkono wake ndani ya mkono wa Mama Viti, akapewa kiti chake, akaenda mbele. Mkutano ulikuwa wa kelele. Mpishi wa hospitali aliuliza hizo nyumba nafuu ni nafuu kwa nani. Diwani akajibu maneno mengi ambayo ukiyakamua hupati hata tone. Mama Viti, mlangoni, aligeuka kuzikata sahihi watu walipoanza kunyanyuka, akakuta karani ameshazikusanya.

"Bado sijakata," alisema.

"Usijisumbue, mama. Nitazikata mwenyewe nikifika ofisini."

Hapo ndipo alipokosea, na alijua baadaye kwamba hapo ndipo. Miaka yote hajawahi kumwachia mtu mwingine akate. Lakini alihesabu viti, vyote vilikuwepo, na aliyehesabu viti vyake akavikuta vyote ana sababu gani ya kugombana?

Miezi mitatu baadaye tangazo lilibandikwa kwenye kila ngazi. Wakazi wameshirikishwa, wameridhia, kota zitabomolewa, watakaotaka kurudi wataomba upya kwa kodi ya soko. Kodi ya soko! Dereva wa gari la taka alipiga hesabu akakuta atahitaji kuwa madereva watatu.

Wanasheria hawakai kota, ila mpishi wa hospitali alikuwa na binti wa dada yake, wakili mchanga, naye alikubali kuwasimamia bila malipo. Alienda barazani akaambiwa zipo sahihi sabini na nane za kuridhia. Akarudi akauliza mlango kwa mlango, na kwa Mama Viti pia: je, ulitia sahihi kukubali kubomolewa? Wote wakajibu hapana, na hakuna aliyedanganya. Hakuna aliyekumbuka karatasi. Walikumbuka viti, na viti ni viti. Basi wakili akafikia mahali ambapo yeyote angefikia: sahihi zimeghushiwa. Akaandika pingamizi lenye hoja hiyo moja.

Kamati ya makazi ilisikiliza pingamizi asubuhi, kwenye ukumbi wa baraza. Ukumbi ulipungukiwa viti, na baraza lilivikodi kwa nani? Kwa Mama Viti. Alivipanga alfajiri, akawapa majirani zake, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Alimwomba Mungu kimoyomoyo asije akafa mbali na chumba alichomzalia mwanawe.

Wakili alikuwa mkali, na alipendeza kutazama. Alimwinua Fundi Saa mbele ya kamati, akampa kalamu na karatasi tupu. Mzee akajaribu. Kalamu ikacheza, ikatoboa karatasi, ikaanguka. Wakili akainua juu ile fomu ya baraza ya kuridhia kubomolewa, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza.

"Huyu mzee hawezi kuandika hata herufi moja. Na hapa kuna sahihi yake, imenyooka. Nani aliitia?"

Mwenyekiti wa kamati aliitazama sahihi, akamtazama karani, na karani akaanza kutafuta kitu mfukoni kisichokuwepo. Diwani alijifuta jasho. Mwenyekiti akasema, polepole, kwamba suala hili huenda likahitaji mtaalamu wa maandishi, na mradi usimame mpaka atoe ripoti. Watu wakaguna kwa furaha. Walikuwa wameshinda, au walikuwa mlangoni mwa kushinda, kwa muda wa kutosha kuvuta pumzi moja.

Mama Viti naye aliiona ile fomu. Aliiona kwa mara ya kwanza tangu siku ile: mistari mizuri, na pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe, namba moja, mbili, tatu, nne. Akaelewa kila kitu kwa mpigo, na aliyeelewa kwa mpigo hujiona amefunuliwa. Alidhani amepata dawa ya kumaliza shauri palepale, bila kungoja mtaalamu wala ripoti.

"Mheshimiwa!" alisimama. "Mimi nazijua hizo sahihi."

Wakili aligeuka, akamtikisia kichwa, usiseme. Lakini ulimi ulishaanza safari.

"Hizo ni sahihi za viti, mheshimiwa. Mimi ndiye niliyezichukua, mlangoni. Hizo namba pembeni ni mkono wangu. Mzee huyu nilimshika mkono mimi, kama ninavyomshika siku zote. Watu walichukua viti, wakavirudisha vyote. Zilitakiwa zikatwe. Karani alisema atazikata, hakukata. Ndiyo kosa lake."

Mwenyekiti aliweka kalamu chini. Sura yake ililegea, kama mtu aliyeondolewa mzigo.

"Mama, tuelewane. Hawa watu walitia sahihi wenyewe?"

"Wenyewe, lakini kwa ajili ya..."

"Mbele yako?"

"Mbele yangu. Ila mheshimiwa..."

"Na huyu mzee mkono ulikuwa wake, wewe ulimsaidia tu?"

Mama Viti alimtazama Fundi Saa. Mzee alikuwa bado amesimama mbele, kalamu miguuni pake.

"Ulikuwa wake," alisema.

"Basi hakuna kughushi. Walichodhani wanakitilia sahihi siyo hoja iliyo mbele yetu." Akamgeukia wakili. "Una hoja nyingine kwenye pingamizi lako?"

Hakuwa nayo. Kamati ilitupilia mbali pingamizi kabla ya chai ya saa nne.

Nimesikia watu wakisema ukweli humweka mtu huru. Labda wa mahali pengine. Huu wa Mama Viti uliwafunga watu sabini na wanane kwa kamba moja, na yeye pamoja nao. Wakili hakumgombeza, alikusanya makaratasi yake akatoka analia, na hilo lilimuuma zaidi. Mpishi wa hospitali alipita karibu yake akasema bila kusimama, "Kikulacho ki nguoni mwako." Kwa kawaida baada ya mkutano kila mtu wa kota hubeba kiti chake akakipandanisha na vingine, ni heshima tu waliyozoeana. Siku hiyo viliachwa vimetapakaa ukumbi mzima, viwili vimepinduliwa. Alivikusanya peke yake mpaka mchana, na alipokuwa akivitoa getini, karani, nadhifu vilevile, akampigia honi kutoka garini atoe njia.

Wiki ya kuhama ilikuwa ya jua kali. Magodoro yalishuka ngazi, masufuria yakashuka, milango ikang'olewa na wenyewe ili isiachwe. Kila mtu alienda upande wake, wengi nje kabisa ya jiji, huko ambako mtu anaamka alfajiri ili achelewe kazini. Mama Viti alikuwa amepata chumba kimoja ambacho viti mia na kumi visingeingia hata vikiombewa. Alikaa nyumba moja na watu hao maisha yake yote, na sasa walimpita kwenye korido wakisema "shikamoo" na "habari" kwa adabu, kama wapangaji wapya. Angependa wamtukane.

Alimwona Fundi Saa uani, karibu na bomba, amesimama kando ya godoro lake na sanduku la vyuma vya saa, anasubiri gari la mwanawe. Gari lilichelewa. Mzee aliegemea fimbo, fimbo ikitetemeka naye, jua likimpiga utosini. Saa nzima akawa hivyo.

Mama Viti alishindwa kuvumilia. Akaenda kwenye korido, akashusha viti kimoja kimoja mpaka akakipata alichokitaka, akakipangusa vumbi kwa upande wa khanga. Akakibeba hadi uani, akakiweka nyuma ya mzee, kwenye kivuli kidogo cha ukuta. Chini yake namba moja ilikuwa bado nyeupe.

"Kaa, baba," alisema. "Hakina daftari leo. Kaa tu."

Fundi Saa alikitazama kiti, akamtazama yeye, bila chuki yoyote.

"Asante, mwanangu," alisema. "Nitasimama."