Kanzu Isiyo na Tundu

Nimewasomesha wasichana wa Kibiti Kurani tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na kila tukifika kwenye kisa cha Nabii Yakubu mimi hukasirika. Wanafunzi wangu wamekwisha kunijua. Siku hiyo huacha hata kuchokozana, wakanong'ona kwamba mwalimu leo hashikiki. Si kwamba namkasirikia Nabii, Mungu aniepushe. Nakasirika kwa sababu nimemsoma mtu huyu maisha yangu yote na bado simwelewi.

Linalonitatiza ni hili. Wanawe walimletea kanzu ya Yusufu imepakwa damu, wakasema ndugu yao ameliwa na mbwa mwitu. Walimu wetu husimulia kwamba mzee aliigeuza ile kanzu, akaona haijachanika popote, akajua anadanganywa: mbwa mwitu gani huyo mpole, amle mtu na asichane nguo yake? Basi kama alijua mwanawe hakuliwa, mbona alilia mpaka akapofuka? Na kama hakujua, mbona miaka mingi baadaye aliwatuma wanawe wakamtafute, akawaonya wasikate tamaa? Nimewauliza masheikh watatu. Kila mmoja alinipa jibu, na kila jibu lilinitosha mpaka nilipofika nyumbani.

Kisa hiki nilikisoma mara ya kwanza nikiwa kigori, kijijini kwetu, upande wa juu wa Mohoro. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani aliwasomesha wanaume barazani, na mkewe, tuliyemwita Bi Mwalimu, akatusomesha wasichana watatu uani. Nilikuwa hodari, na nilikuwa na kiburi cha kutosha wasichana kumi. Nikirudi nyumbani nilisimulia kila nilichosoma huku tukitwanga mpunga, mimi, mama na wifi yangu, mke wa kaka. Baba alikwisha kufariki. Mama hakujua hata alifu, lakini kisa kikimwingia hakimtoki. Cha Yakubu alinidai nikirudie mara nne.

Nilidhani anapenda sauti yangu. Kumbe alikuwa anamwona kaka. Mama alimpenda kaka kuliko mimi, wala hakujisumbua kuficha. Ukoko wa wali ulikuwa wa kaka daima, na mimi ukoko naupenda mpaka leo. "Huyu ndiye Yusufu wangu," alikuwa akisema akinitazama huku anacheka. "Na wewe usije ukamtia kisimani." Sote tulicheka. Mimi nilicheka kidogo kuliko wenzangu.

Mwaka ule wanaume walilimishwa pamba kwenye shamba la jumbe, na aliyechelewa alicharazwa viboko hata mbele ya wakwe zake. Kaka alicharazwa hivyo. Tangu siku hiyo alikula peke yake, akiwa amegeukia ukuta. Ndipo zikaja habari za Ngarambe: kuna maji, ukiyanywa na kupakwa mwilini, risasi za Mdachi hazikupati. Watu wakaenda makundi kwa makundi. Mwalimu aliwaambia maji hayo ni ushirikina. Kaka akamwuliza kwa adabu, "Sawa, mwalimu. Na viboko ni nini?" Kaka akavaa kanzu yake ya harusi, maana alikuwa hajamaliza mwaka katika ndoa na kanzu ilikuwa bado mpya, akatuaga, akaenda.

Vita vikaanza. Tulisikia bunduki upande wa vilima, kisha hatukusikia kitu kwa muda mrefu. Mchana mmoja, tukimenya muhogo, aliingia jirani yetu, kijana wa rika la kaka, waliyeondoka pamoja. Alikuwa amekonda, na kwapani alikuwa na kanzu iliyokunjwa. Alisema walitawanyika, kila mtu na njia yake, naye akaona kanzu aifikishe kwa wenyewe. Ilikuwa na damu begani na kifuani. Wifi akapiga yowe.

"Nyamaza!" mama akasema.

Aliichukua ile kanzu, akaitandaza juu ya jamvi palepale juani. Akatia mkono ndani. Akaipitia mshono kwa mshono, mbele na nyuma, shingo na mikono, kama achaguaye mchele. Jirani alikuwa amesimama hajui pa kuweka macho. Kisha mama akacheka, kicheko cha kweli.

"Tundu liko wapi?" akauliza. "Risasi gani hiyo imuue mtu, isitoboe nguo? Hebu sema wewe msomi. Nabii Yakubu alijuaje?"

Nami, kwa kuwa nilikuwa msomi, nilisema. Nilisema kwa sauti ya darasani, nikifurahi kwamba safari hii naulizwa mimi. "Alijua kwa sababu kanzu haikuchanika, mama."

"Haya basi. Mwanangu yu hai."

Hapakuwa na matanga. Hakuna aliyekuja kutupa pole, maana mama aliwaambia wote kwamba hakuna aliyekufa. Wifi alifuta machozi na hakukaa eda. Aliendelea kuwa mke wa mtu, akisuka nywele zake kila Ijumaa ili mume akitokea asimkute ovyo.

Siku ya tatu yule jirani alinisubiri kwenye njia ya mtoni.

"Mdomo wa kumwambia mama yako sikuwa nao," alisema. "Nguo tulizivua kabla. Tuliambiwa dawa ikae mwilini, tukajifunga vipande vya kaniki basi. Kanzu zote nilizifunga mzigo miye, nikaubeba begani. Na damu ile yangu miye." Akafunua bega, nikaona kidonda.

"Na kaka?"

"Nilimwona kalala."

"Kalala vipi?"

"Kalala kifudifudi. Walituambia anayeanguka hakufa, kasinzia tu, ataamka. Nilimwita, hakuitika. Nikakimbia." Alikuwa analia waziwazi, mtu mzima yule. "Sasa wewe uliyesoma nambie. Kulala kule ni kulala?"

Nikamwambia sijui. Nikachota maji, nikarudi nyumbani, na nikanyamaza.

Kwa nini nilinyamaza? Nimejiuliza miaka yote hii na majibu yangu yanagombana. Nilimhurumia mama, hilo ni kweli. Niliona haya kukiri kwamba ile sauti ya darasani ilikosea, na hilo ni kweli zaidi. Tena kuna siku niliamini maneno ya mama kabisa: damu ile si ilikuwa ya mtu mwingine, kama katika kisa? Kila kitu kilifanana. Nilipofikiri sana nikawa siwezi kusema kama ninaficha msiba au ninalinda habari njema.

Nilimwendea Bi Mwalimu, nikajifanya nauliza somo tu. Je, kanzu isiyochanika ni ushahidi?

"Ushahidi wa kwamba hao vijana ni waongo," alisema. "Kanzu haikumwambia kama mtoto anapumua. Yakubu alisema subira njema, kisha akaendelea kulia."

"Kwa hiyo alijua, au hakujua?"

"We mtoto, kuna mambo mtu anayajua na hayajui. Subira yavuta heri."

Nikamwuliza heri ipi. Akaniamuru nikafagie ua.

Kisha ikaja njaa. Askari walikuwa wamechoma mpunga, wa ghalani na wa shambani, na tukawa tunakula viazi vya porini ambavyo usipoviloweka siku kadhaa vinakuua. Nyumba ya pili walizikwa watoto wawili katika wiki moja. Katikati ya hayo yote mama yangu alifurahi. Naona tabu kuliandika, lakini alifurahi, akatuita mimi na wifi akiwa na uso wa mtu aliyepata barua.

"Njaa ndiyo hii," alisema. "Yusufu alipatikana wapi? Si penye chakula? Kule Kiongoroni pwani, wakata mikoko wanalipwa mchele. Nendeni. Mlete na chakula, na mumtafute. Wala msikate tamaa."

Wifi alikwenda kufunga mzigo mbio. Ningeweza kusema palepale. Nilifunga mzigo wangu pia.

Tulishuka kwa mtumbwi. Kiongoroni wanaume walikata boriti na wanawake tukabandua magome, tope likiwa magotini, mpaka mikono ikawa na wekundu usiotoka kwa maji. Tulilala kwa bibi kizee mmoja. Mchele tuliupata, kidogo kidogo. Na kila mtumbwi ulipofika wifi aliacha kazi, akasogea ukingoni, akauliza: "Hamjamwona mtu mrefu, ana alama ya kiboko hapa shingoni?" Watu walimjibu kwa upole kwamba hawakumwona. Yeye akawashukuru, akarudi kwenye magome yake. Mimi nilikuwa nageuza uso. Nilifikia kumchukia, wifi wa watu ambaye hakunikosea kitu, kwa sababu tu ya ile sauti yake ya adabu.

Alikuwapo mkata boriti mmoja, mgane aliyefiwa na mkewe kwa njaa ileile. Siku moja alinijia mimi, kwa kuwa ndimi nduguye wa karibu, akaniuliza kama mwenzangu ana mume. Wifi alikuwa amesimama pale pale na panga mkononi. Alinitazama akitabasamu, akisubiri niseme lile tulilolisema kila siku.

"Sijui," nikasema.

Tabasamu lilimtoka. "Hujui?"

Yule mwanamume alijua adabu, akaondoka. Nikamweleza wifi yote: nguo zilizovuliwa, bega la jirani, kulala kifudifudi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ya tatu."

Hakunipiga. Laiti angenipiga. "Mwaka na nusu namsubiri," alisema, "na hapa nimemuuliza kila anayeteremka kwenye chombo." Akaenda kuoga, akafumua nywele, akavua ushanga, akajifunga kaniki na kuketi ndani kwa yule bibi kukaa eda, miezi minne na siku kumi. Baadaye sana, nilipoongeza masomo, nikajua kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, na yake ilikuwa imekwisha kitambo. Ningekuwa msomi kweli ningemwambia. Mchele wake wote alinipa nimpelekee mama, na hakuniaga.

Nilifika kwetu peke yangu, mzigo kichwani. Mama alinipokea mlangoni, akashika ule mzigo, akaona mzito, akatazama nyuma yangu.

"Wifi yako?"

"Amebaki, mama."

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Sikupata nafasi. Mama alipiga makofi. "Kama Bin Yamini! Wengine walirudi na nafaka, mmoja akabaki huko kwa Yusufu!" Akaingia ndani, akatoka na furushi, na ile kanzu juu yake, imefuliwa na kukunjwa. Akapiga magoti, akaanza kulifunga. "Sasa ni zamu ya mzee kusafiri," alisema. "Yakubu naye alikwenda Misri mwenyewe." Alikuwa amekonda hata vidole vilikuwa havina nguvu ya kukaza fundo.

"Mama, kaka amekufa."

Aliendelea kufunga.

"Mama. Nguo walizivua kabla ya vita. Jirani alimwona ameanguka. Aliniambia mimi."

Mikono yake ikasimama. "Alikuambia lini?"

"Siku ya tatu."

Aliketi kizingitini. Akahesabu kwa vidole, akapoteza hesabu, akaanza tena. Nilipiga magoti mbele yake nikisubiri kofi, matusi, chochote. Aliniuliza kuna mchele kiasi gani. Nikamwambia ukipimwa vizuri utatuvusha mwezi.

"Upike wote," alisema. "Kesho."

Tulipika wote. Waliokuwa bado wanaweza kutembea walikuja, na jirani yule alikuja, akakaa mwisho kabisa wa jamvi. Watu ambao hawakuona wali kwa miezi walikula haraka, wameinamisha vichwa kwa haya, na mimi niliona chakula chetu cha mwezi kinaisha kabla ya adhuhuri. Mama hakula. Wanaume walisoma hitima yao barazani. Kisha mama akaniita katikati ya wanawake, akaniwekea mbele msahafu alioazima kwa Bi Mwalimu.

"Msomee kaka yako."

Nikamwuliza nisome sura ipi.

"Yoyote uitakayo," alisema. "Ile usiisome."

Nikafungua Yasini. Sikufika mbali, mama akajifunika uso kwa upande wa kanga, akaanza kumlilia mwanawe.